Mchoraji naye akae karibu na kamera

Mhariri,

Mwandishi wenu wa ukurasa wa burudani aliandika wiki iliyopita kwamba watu wa Bongo Movie wanalia hawana hadithi, wakati Wajapani wanachota tu kwenye vitabu vyao vya katuni, manga, na kutoa filamu zinazozunguka dunia. Akashauri na sisi tufanye hivyo. Naunga mkono. Sisi tuliokua tukinyang'anyana jarida la katuni la Sani ili tumsome Madenge na Ndumilakuwili tunajua mali ipo. Ila kuna jambo ameliruka, na ndilo linaloniuma.

Mimi ni fundi mabango hapa Majengo, Dodoma. Nachora saluni, mabucha, mageti ya chekechea, na siku hizi bajaji. Zamani dereva alitaka simba au jina la mama yake. Sasa kijana anafungua simu ananionyesha: nichoree Luffy. Nami nimemzoea: kofia ya ukili, kovu chini ya jicho la kushoto, meno yote nje. Kwa asiyemjua, huyo ni nahodha wa maharamia mwenye mwili wa mpira katika One Piece, hadithi aliyoanza kuichora Eiichiro Oda mwaka 1997. Ule mkono wake unaorefuka, ukiuchora kwa adabu, kiwiko mahali pake na misuli mahali pake, unakufa palepale kwenye bati. Lazima utie chumvi. Chumvi ndiyo hadithi yenyewe.

Filamu za waigizaji wa kweli hukwama hapohapo, kwa sababu mtu wa kamera anaiona chumvi kama aibu. Mwaka 2009 Wamarekani walitoa Dragonball Evolution kutokana na manga ya Akira Toriyama. Mzee mwenyewe alisema baadaye kwamba aliwatahadharisha na kupendekeza marekebisho, wasimsikilize sana. Filamu ilianguka vibaya, hadi mwaka 2016 mwandishi wa mswada wake, Ben Ramsey, akawaomba radhi mashabiki. Halafu tazama tamthilia ya One Piece ya Netflix ya 2023, iliyopigwa Cape Town, Afrika hii hii. Oda alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu, na alitangaza wamekubaliana kwamba haitatoka mpaka yeye aridhike. Kofia ni ileile, na mkono unavutika bila haya.

Asidhani mtu nataka filamu ifuate kitabu ukurasa kwa ukurasa. Takehiko Inoue alipogeuza manga yake ya mpira wa kikapu kuwa The First Slam Dunk, mwaka 2022, aliandika na kuongoza mwenyewe. Sakuragi, aliyekuwa mhusika mkuu kitabuni, akamweka pembeni kidogo, moyo wa hadithi akampa Miyagi, yule mfupi. Sekunde za mwisho za mechi akazima sauti zote. Wapo mashabiki ambao wangemshukia mwongozaji mwingine kwa hilo. Lakini aliyebadilisha ni mwenye mali.

Najua kuna atakayenitajia Oldboy, filamu ya Park Chan-wook, Mkorea, iliyotunukiwa Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2004 huku ikiwa imeiacha mbali manga ilikotoka. Sawa. Siku Park Chan-wook akishuka stendi ya Dodoma nitamkabidhi daftari langu niende zangu kunywa chai.

Na Japani kwenyewe si peponi. Hinako Ashihara alikubali hadithi yake, Sexy Tanaka-san, iwe tamthilia ya televisheni kwa sharti kwamba wafuate kitabu. Mwisho ikabidi aandike mwenyewe vipindi viwili vya mwisho. Januari 2024 aliyaeleza hayo hadharani, na siku chache baadaye akawa amefariki. Hapo sina la kuongeza.

Sasa la kwangu. Nina hadithi ya mzee mfupi mwenye baiskeli ndefu kuliko yeye. Akishapanda hawezi kushuka mpaka apate ukuta wa kuegemea, na njia ya Hombolo ina kuta chache. Kwa hiyo hasimami. Anasalimia akipita, ananunua nyanya akipita, anasuluhisha ugomvi wa mke na mume huku akiizunguka nyumba yao. Nimeichora kwenye kaunta buku, na vijana wa hapa mtaani hutoa kopi wakauziana. Likaja kundi moja la filamu, silitaji. Wakapiga picha kurasa zote kwa simu, wakaniahidi jina langu litatokea mwishoni. Nikauliza habari za baiskeli. Mwongozaji akasema watatumia ya kawaida, ile ndefu itasumbua kupiga picha, na mzee atakuwa kijana maana wameshapata mwigizaji anayeuza. Kijana mrefu juu ya baiskeli ya kawaida! Huyo si anashuka popote anapotaka? Hadithi imeisha kabla haijaanza.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake igeuzwe, na haki ya kutajwa jina. Wachoraji wengi hatuijui. Tunapewa elfu hamsini mkononi tunashukuru. Mwandishi wenu angetusaidia zaidi kama angeandika juu ya hilo kabla ya kuwaita watu wa kamera waje kuchota.

Wale watu wa filamu wakirudi nitawataka mambo mawili kwa maandishi: nilipwe siku zote za kupiga picha kama anavyolipwa mtu wa taa, na kitu chochote kilichomo daftarini kisibadilishwe kabla hatujakaa chini tukaongea. Baiskeli isiwatishe. Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea na nimeshamuuliza bei. Anasema tukimletea fremu mbili chakavu, ni kazi ya siku moja.

Fundi mabango,
Majengo, Dodoma