Usafi wa Japani una bili yake

Ndugu Mhariri,

Kila Kombe la Dunia linapofika, picha za mashabiki wa Japani wakiokota taka majukwaani baada ya mechi husambaa katika simu za Watanzania, na nyuma yake hufuata maoni yale yale: kwamba wenzetu wamezaliwa na nidhamu na sisi tumezaliwa na uchafu. Ilikuwa hivyo mwaka 2018 mashindano yalipofanyika Urusi, ikawa hivyo tena mwaka 2022 yalipofanyika Qatar. Familia yetu inaishi Hamamatsu, mji wa viwanda ulio kati ya Tokyo na Osaka, na sasa tunafunga mizigo kurudi nyumbani Tanzania. Kabla hatujaondoka naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe ombi kuhusu magari yaliyotumika yanayotoka huku, na kwanza niyapinge maoni hayo, kwa kuwa tumelea watoto hapa, tumepanga nyumba hapa na tumetupa taka zetu hapa, na hatukuona nidhamu inayotoka kwenye damu. Tulichokiona ni kazi iliyopangwa, iliyogawanywa na kulipiwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika jikoni mwa watu wa kawaida.

Mgeni anayehamia mji wowote wa Japani hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya manispaa ndani ya siku 14, na miongoni mwa karatasi anazorudi nazo nyumbani huwamo kalenda ya taka. Kila mji una kalenda yake, lakini mpango hufanana: taka zinazoungua zina siku zake katika wiki, plastiki ina siku yake, chupa na makopo vina siku yake, na ukikosa siku unakaa na taka zako mpaka zamu ije tena. Chupa ya maji haitupwi ilivyo. Huvuliwa kifuniko, hubanduliwa lebo, huoshwa, kisha hukandamizwa. Pakiti ya maziwa huoshwa, hupasuliwa kwa mkasi mpaka ilale kama karatasi, hukaushwa, halafu hufungwa kamba pamoja na nyingine. Mifuko ya taka huonyesha kilichomo ndani, nayo hupelekwa asubuhi ile ile kwenye kituo cha mtaa na kufunikwa wavu ili kunguru wasiichane. Mfuko uliochanganywa hauchukuliwi. Mzoaji huubandika stika inayoeleza kosa na kuuacha palepale, mtaa mzima ukiuona, mpaka mwenyewe aufuate.

Huko barabarani mapipa ni adimu, kwa sababu mengi yaliondolewa kwa hofu ya usalama baada ya shambulio la gesi ya sarin katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995, kwa hiyo ganda la pipi aliyokula mtoto matembezini hurudi nalo nyumbani mfukoni. Hata yule shabiki anayesifiwa kwa kuokota taka uwanjani anafanya alichozoeshwa kwa miaka mingi: taka ni ya aliyeizalisha mpaka ifike mahali pake, kwa saa yake.

Kituo cha taka chenyewe hufagiliwa na wakazi kwa zamu, chini ya chama cha mtaa ambacho kinanikumbusha mjumbe wetu wa nyumba kumi, isipokuwa hiki hukusanya ada na hakina siasa. Chama hicho hupitisha ubao wenye matangazo ya mtaa kutoka nyumba hadi nyumba. Unasoma, unatia sahihi, unampelekea jirani. Ukikaa na ubao huo siku chache, jirani anayesubiri atagonga mlango na kuulizia kwa upole unaochoma kuliko ukali. Sitaficha upande wa pili: pakionekana mfuko uliokosewa, macho ya kwanza huelekea mlango wa mgeni, hata kama mwenye kosa ni mwenyeji wa siku nyingi. Hapa Hamamatsu wamelisikia hilo zaidi Wabrazili wenye asili ya Kijapani, ambao walianza kuja kwa wingi baada ya sheria ya uhamiaji kurekebishwa mwaka 1990, na ambao maduka yao ndiyo yaliyotuwezesha sisi kupata mihogo, maharage na unga wa mahindi wa njano wa kusongea ugali. Hata hivyo manispaa haikuishia kuwalaumu. Ilichapa kanuni zake kwa Kireno, na kwa lugha nyingine pia, kwa sababu ilitambua kwamba mtu hawezi kutii kalenda asiyoweza kuisoma.

Shuleni ndiko nilikoelewa vizuri zaidi. Sheria haimlazimishi mtoto wa kigeni kusoma, lakini mzazi akiomba, shule ya umma humpokea bila ada na humpa vitabu bure, naye huanza Aprili pamoja na wenzake. Kila siku watoto hutenga dakika za kusafisha: wengine hufagia darasa, wengine hupiga deki korido wakiwa wameinama na kusukuma tambara kwa mikono miwili, wengine huosha masinki. Wasomaji wengi wameshaona video za jambo hilo na wakalipenda. Ambacho video hazionyeshi ni kwamba matambara hayo huletwa na wazazi mwanzoni mwa muhula, yakiwa yameshonwa kwa taulo kuukuu kwa vipimo vinavyotakiwa na kuandikwa jina la mtoto.

Chakula cha mchana nacho hugawiwa na watoto wenyewe wakiwa wamevaa aproni na kofia nyeupe. Aproni ni mali ya shule na huvaliwa kwa zamu. Mtoto aliyemaliza wiki yake ya zamu huja nayo nyumbani Ijumaa katika mfuko wa kitambaa wenye namba, mzazi huifua, huipiga pasi, huiangalia kama kuna kifungo kilicholegea, na Jumatatu mtoto mwingine wa familia nyingine kabisa huivaa. Nimeipiga pasi aproni hiyo usiku wa Jumapili mvua za Juni zikinyesha na nguo zikikataa kukauka, na nikawaza jinsi tunavyosifu utaratibu bila kuuliza nani anaupiga pasi. Kwa sehemu kubwa ni akina mama. Wengi niliowafahamu shuleni waliacha kazi za kudumu wakachukua za saa chache, maana karatasi za shule, vikao vya wazazi, zamu za kuwasindikiza watoto kwenye vivuko vya barabara na kalenda ya taka haviendani na mwajiri anayetaka mtu ofisini mpaka usiku. Anayetaka tuige mfumo huu autaje pamoja na gharama hiyo.

Jioni, vipaza sauti vya manispaa katika miji mingi hupiga muziki mfupi, na watoto waliokuwa wakicheza hujua saa ya kurudi nyumbani imefika. Wageni huuona ni utamaduni mzuri, na ni mzuri kweli, lakini kazi yake nyingine ni kuvipima vipaza sauti hivyo kila siku, kwa kuwa ndivyo vitakavyotangaza tetemeko au tsunami. Pwani ya Hamamatsu imejengewa tuta la kuzuia tsunami lenye urefu wa kilomita 17.5, lililokamilika mwaka 2020, na kampuni ya ujenzi iliyoanzia mjini hapa ilichangia yen bilioni 30 katika gharama zake. Watoto wetu wamejifunza kuingia chini ya dawati kabla hawajajifunza kuandika majina yao vizuri kwa herufi za Kijapani. Hapo tena sikuona tabia ya kuzaliwa. Niliona mazoezi, bajeti na kumbukumbu ya vifo.

Kuondoka kumetufundisha kuliko kuishi. Ukitaka kutupa kabati au godoro, unaiomba manispaa siku ya kuchukuliwa na katika miji mingi unanunua stika ya malipo dukani na kuibandika. Kwa runinga, jokofu, mashine ya kufulia na kiyoyozi kuna sheria maalumu iliyoanza kutumika mwaka 2001: mwenye kifaa ndiye anayelipia kurejelezwa kwake, na usafiri juu yake. Nimewahi kulipa nyumbani Tanzania ili niletewe jokofu; hapa nililipa yen elfu kadhaa ili lichukuliwe. Kwenda nalo hakungekuwa na maana, kwa sababu umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni volti 230, na nawasihi wanaorudi wasibebe majiko ya kupikia wali kwa sababu tu ni mazuri, labda wawe tayari kununua na transfoma.

Kwa wenye kazi au masomo huku, naongeza jambo moja ambalo wengi hulipoteza kwa kutosoma karatasi. Mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 20 hadi 59 huchangia pensheni ya taifa, awe Mjapani au mgeni, na Japani haina mkataba na Tanzania wa kuunganisha michango hiyo na ya kwetu. Mgeni aliyechangia angalau miezi sita lakini hajafikisha miaka 10 anaweza kudai malipo ya mkupuo, ila lazima awe ameshaondoka na aombe ndani ya miaka miwili. Kwa aliyekuwa katika pensheni ya waajiriwa, malipo hayo hukatwa kodi ya asilimia 20.42, ambayo nayo inaweza kudaiwa kupitia mtu aliyeko Japani aliyeteuliwa kushughulikia kodi zako kabla hujaondoka. Hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Utaratibu huo huo unaozoa taka kwa dakika yake utakuacha uende bila senti tano, na kitambulisho chako cha ukaazi kitatobolewa uwanja wa ndege kwa heshima zote.

Sasa gari, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Watanzania wengi huijua Japani kupitia magari yaliyotumika, na hujiuliza kwa nini gari linalong'aa namna ile huuzwa. Gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo huja na kodi, bima na matengenezo kwa pamoja; gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Kwa hiyo familia nyingi huliuza likiwa bado zima, nasi tukafanya vivyo hivyo. Katika karatasi za mauzo nikakuta ada niliyokuwa nimeisahau. Chini ya sheria iliyoanza Januari 2005, anayenunua gari jipya huweka fedha za kulipia mazishi ya gari hilo: mifuko ya hewa, gesi ya kiyoyozi, na mabaki yanayobaki baada ya bodi kusagwa. Kwa gari la kawaida la familia hufika yen 10,000 au zaidi, na kila anayelinunua baadaye humrudishia aliyemtangulia kiasi hicho.

Gari hilo likisafirishwa nje ya nchi, aliyelisafirisha anaweza kuomba arudishiwe ada hiyo, maana halitafia Japani. Kwa maneno mengine, gari linaposhushwa bandari ya Dar es Salaam, fedha zilizowekwa kwa ajili ya kulizika zinaweza kuwa zimeshabaki Yokohama au Nagoya mikononi mwa muuzaji, wakati matairi, betri, oili na gesi yake vimekuja kwetu vyote. Mitaa ya Hamamatsu haina mikweche iliyotelekezwa, na sababu mojawapo ni kwamba magari mengi humalizia uhai wake katika gereji za kwetu, za Kenya, za Uganda na za Zambia. Anayetupa picha ya mtaa safi wa Japani na kutuambia tuna laana angeangalia kwanza namba za chesisi za mikweche iliyolala nyuma ya gereji zetu.

Sisemi haya kuwatetea wanaotupa taka mtaroni. Tangu miaka ile serikali ilipotangaza usafi wa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tumekuwa tukiwahimiza watu washike fagio, lakini mitaa mingi haina kalenda inayosema gari la taka litapita siku gani na saa ngapi, na hata penye kalenda, gari halipiti. Halmashauri ikitaka kuanza na kitu kimoja kutoka Japani, ianze na karatasi hiyo, iichape kwa Kiswahili kinachoeleweka, na iitimize.

Kwa serikali kuu nina ombi tofauti. Japani imekuwa ikiandaa mikutano ya maendeleo na nchi za Afrika, iitwayo TICAD, tangu mwaka 1993, na wa tisa ulifanyika Yokohama Agosti 2025. Katika mkutano utakaofuata, ujumbe wa Tanzania uombe kwamba ada ya kurejeleza gari isirudishwe kwa anayelisafirisha, bali ilifuate gari hadi nchi litakakofia, iwekwe katika mfuko wa kugharamia vituo vya kubomolea magari. Fedha hizo zimeshakusanywa, kiasi chake kimeandikwa kwa kila gari, na mfumo wa kuzifuatilia upo tayari. Kinachotakiwa ni kubadili anayelipwa.

Mama wa watoto wa shule ya msingi,
Hamamatsu, Japani