Tusiisingizie "cjui" kila kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu haya malalamiko kwamba vijana wanaua Kiswahili kwa kuchati. Mi nafundisha Kiswahili, insha zenye "7bu" na "xaxa" nakutana nazo sana na zinaniuma kwelikweli, ila naona tunalalamikia vitu vingi kwa mkupuo na lenyewe hasa tunaliacha.

Vifupisho havikuletwa na uvivu. Meseji ya kwanza ilitumwa Desemba 1992, na meseji moja mwisho wake ilikuwa herufi 160, ukizidisha unalipia ya pili. Afu kumbukeni simu za batani, s ilikuwa kwenye 7 unabonyeza mara nne, wakati c ni mara tatu tu kwenye 2 na ukiitamka unapata "si" nzima, ndo "sijui" ikawa "cjui". Herufi x ilikuwa mara mbili, basi "sasa" ikawa "xaxa". Na t na u zote zilikaa kwenye 8, lazima usubiri kidogo kabla hujabonyeza tena, watu wakaona bora waweke 2 na "watu" ikawa "wa2". Ilikuwa akili hiyo, na waliofanya hivyo leo ni wazazi.

Saivi simu zina kibodi kamili na hakuna anayehesabu herufi, ila mazoea yamebaki yakawa lugha ya urafiki, na mimi kwenye grupu lao siwaingilii kabisa.

Kuna wanaosema hakuna madhara, maana mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry huko Uingereza waliwapima watoto wa miaka 10 hadi 12 wakakuta wanaotumia sana vifupisho ndo waliosoma maneno vizuri zaidi. Sawa, lakini hicho ni Kiingereza. Kule ukitoa irabu neno mara nyingi linasomeka bado, kwetu irabu moja ndo inayokwambia nani kafanya. Mtoto akiandika "mmpta" ni umempata au amempata? Wenzie kwenye grupu wanaelewa kwa sababu stori wanaijua, msahihishaji wa mtihani haijui, na kinachonitisha zaidi ni mwanafunzi mwenyewe ukimuuliza alimaanisha nani anakaa anafikiria kwanza. Hapo tatizo siyo tahajia tena, ni sarufi inayoanza kumponyoka.

Yale ya "ajafika" badala ya "hajafika", au r na l kubadilishana, tusiisingizie simu, hayo yanatoka mdomoni na yalikuwepo kabla yake.

Walimu wenzangu na wazazi, kumnyang'anya mtoto simu hakusaidii. Mwambieni achague meseji zake mwenyewe ambazo hana shida mkiziona, aziandike upya kwa kirefu, afu aeleze kila irabu aliyoirudisha inafanya kazi gani, darasani kwangu zoezi hili wanalipenda na wanabishana mpaka kengele inalia. Na nyie wahariri mkichapa meseji za wasomaji naomba mzitoe kwa kirefu, ili kijana aliyetuma aione sentensi yake ikiwa nzima gazetini.

Mwalimu wa Kiswahili, sekondari