Kaka, anza na foleni

Sakina, Arusha

Kaka Elibariki,

Habari za Moshi? Sisi wazima, ila baridi ya Julai imetushika kweli kweli.

Umeuliza kama hesabu za mtandao wa kompyuta zinasomeka na mtu aliyeishia kidato cha nne. Zinasomeka. Ila hizo kozi za kukariri amri za ruta, kile kifaa kinachoelekeza data mtandaoni, ziache kwanza. Kifaa kikibadilika, unarudi kuwa mwanafunzi. Anza na foleni.

Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za simu zinazoingia bila mpangilio. Pakiti, yaani vipande vya data, zinazosubiri ndani ya ruta leo tunazipigia hesabu za ukoo huohuo. Chukua wakala wa fedha pale stendi kwenu. Kwa wastani anamudu wateja 10 kwa saa. Wanakuja wakati wowote, mwingine ana shughuli fupi, mwingine ndefu. Wakija 5 kwa saa, mteja humaliza kwa wastani wa dakika 12, kusubiri na kuhudumiwa. Wakija 9, dakika 60. Wakija 9.5, saa 2 nzima! Kanuni yake ni 1 kugawa kwa tofauti ya anaowamudu na wanaokuja kwa saa, jibu ni saa, basi.

Sasa bosi wako anaona laini ya intaneti imetumika asilimia 90, anasema bado kuna nafasi. Kumbe hapo ndipo pa kuumia. Tena pakiti halisi huja kwa mafungu, kwa hiyo hali huwa mbaya kuliko kanuni inavyosema.

Ukishaielewa hiyo, nenda kwa Claude Shannon, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1948 hesabu za kasi ya juu kabisa ambayo njia ya mawasiliano inaweza kubeba. Ndipo utakapojua majedwali ya logi ya kidato cha pili yalikuwa ya nini: kasi hufuata logi ya nguvu, kwa hiyo mawimbi yakiwa tayari safi, kuongeza nguvu maradufu hupandisha kasi kidogo tu. Mwambie hivyo yule anayetaka kukuuzia antena kubwa.

Kuchelewa kwa setilaiti ya juu, ile ya kilomita 36,000, usihangaike nako. Ombi na jibu vinasafiri karibu nusu sekunde, na mwendo wa mwanga haununuliki.

Tafuta kitabu chochote cha hesabu cha kidato cha nne, sura ya uwezekano. Ukija Jumamosi, njoo na takwimu za ruta ya ofisini, pakiti kwa sekunde na ukubwa wake, tuzikokotoe. Mama mpe shikamoo yangu.

Wako,
Baraka