Masherpa wa Darjeeling wasiachwe nje ya orodha

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu watu mashuhuri wa Darjeeling, mji wa milimani nchini India, imempa Vivien Leigh aya nzima, wapagazi wa Everest wakaambulia nusu sentensi. Mwigizaji huyo alizaliwa huko Novemba 1913, kisha akiwa bado mtoto mdogo akapelekwa Uingereza kusoma. Csoma de Kőrös, Mhungari aliyetunga kamusi ya Kitibeti, alikuwa mpita njia tu: alikuwa akielekea Lhasa, mji mkuu wa Tibet, homa aliyoipata nyanda za chini ikamuua Darjeeling Aprili 1842. Kaburi analo Darjeeling. Maskani hakuwa nayo.

Waliokaa na kuujengea mji jina ni Masherpa, jamii ya milimani kutoka Nepal. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Nepal ilikuwa haipokei wageni, kwa hiyo misafara ya Waingereza ya Everest, tangu 1921 hadi 1938, ilipitia Tibet, na wapagazi waliandikishwa Darjeeling. Vijana walivuka mpaka kufuata kibarua hicho, wengi wakahamia mtaa wa Toong Soong. Tenzing Norgay alikuwa mmoja wao. Mliandika kwamba alizaliwa Darjeeling; sivyo. Alihamia akiwa kijana, akapata safari yake ya kwanza ya Everest mwaka 1935, na mji huo ukawa kwao hadi alipofariki mwaka 1986.

Anayetafuta habari zao hukwama kwenye majina. Sherpa wengi huitwa kwa siku waliyozaliwa: Dawa ni Jumatatu, Pasang ni Ijumaa. Hata kwetu, ukiuliza Juma tu bila jina la baba hufiki popote. Msafara wa Wamarekani wa K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mwaka 1939, ulikuwa na akina Pasang watatu. Pasang Dawa Lama alifika na Fritz Wiessner, kiongozi wa msafara, chini ya mita 300 kutoka kileleni, akakataa kuendelea kwa kuwa usiku ulikuwa unaingia. Pasang Kikuli alipanda karibu mita 2,100 kwa siku moja kwenda kumwokoa Dudley Wolfe, mpandaji mwenzao aliyekwama juu. Kikuli, Pasang Kitar na Sherpa mwenzao Phinsoo hawakuonekana tena. Makala yenu imewafanya Dawa Lama na Kikuli mtu mmoja, ilhali Dawa Lama alisimama juu ya mlima Cho Oyu mwaka 1954, miaka 15 baada ya Kikuli kufa.

Kosa hili lina kinga. Himalayan Club, klabu ya wapanda milima iliyoanzishwa 1928, iliwapa wapagazi wa Darjeeling namba na vitabu vya kumbukumbu za kazi. Andikeni jina kamili, mlima na mwaka. Namba ikipatikana, iwekeni pia, maana tahajia hazitabiriki: Tenzing mwenyewe aliandikwa “Tensing” katika magazeti ya 1953. Halafu tenganisheni waliozaliwa, waliohamia na waliofia hapo.

Nawang Gombu naye hayumo kabisa. Huyu, mpwa wa Tenzing na mkufunzi katika chuo cha kupanda milima kilichofunguliwa Darjeeling mwaka 1954, ndiye binadamu wa kwanza kufika kilele cha Everest mara mbili: 1963 na Wamarekani, 1965 na Wahindi. Tunaomba masahihisho yatoke ukurasa uleule uliobeba orodha.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wapenzi wa historia ya milima