Kazi ya msaada si lazima iwe kazi hafifu

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Nakuru aliandika hivi karibuni kwamba serikali ikiwapa watu wasio na ajira kazi za muda ili wapate chakula, kinachobaki ni mitaro iliyochimbwa nusu na fedha zilizoliwa. Aliyoyaona kwake sitayabishia. Lakini amezihukumu kazi zote za namna hiyo popote zilipofanywa, na hapo ndipo naomba nafasi nimjibu.

Mimi ni fundi seremala. Randa nilifundishwa kuishika na marehemu baba yangu, Tanga, na sasa naishi Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Ukitoka hapa kwa gari kuelekea Mlima Hood, upande wa kusini, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, utakuta hoteli ya mawe na mbao iitwayo Timberline Lodge. Mara ya kwanza nilikwenda kwa sababu watoto walitaka kucheza theluji. Theluji sikuitazama sana. Nilikwama kwenye ngazi za ndani, kwa kuwa nguzo za ngazi zile zina vichwa vya wanyama na ndege wa huko, bundi, dubu na wenzao, vilivyochongwa kwa mkono. Nilimpapasa mmoja. Shavuni njia za patasi bado zinasomeka, unajua kabisa fundi alisimama upande gani. Utosini mti umelainika na kung'aa kwa viganja vya watu wa zaidi ya miaka 80 waliopanda na kushuka. Nikauliza ni mti gani. Nikaambiwa ni mwerezi, nguzo kuukuu za simu zilizokwisha kazi yake.

Jengo lile lilijengwa na watu waliokuwa hawana kazi. Uchumi wa Marekani ulianguka kuanzia 1929, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na ajira. Mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaanzisha shirika la WPA ili mtu apewe kazi badala ya kupewa sadaka. Ujenzi wa Timberline ulianza 1936. Wafanyakazi waliishi kwenye kambi ya mahema chini ya mlima, wakipandishwa juu kwa malori. Fundi alilipwa senti 90 kwa saa, kibarua senti 55. Tarehe 28 Septemba 1937 Roosevelt mwenyewe alipanda mlimani kuizindua, na Februari 1938 wageni wa kwanza wakapokewa.

Msomaji wa Nakuru si wa kwanza kusema anayoyasema. Zama zile nchini Marekani watu wa WPA walichekwa magazetini kuwa kazi yao ni kuegemea sepetu. Basi na atazame walichokifanya waegemea sepetu hao. Vyuma vya kupangia kuni ndani ya meko vilifuliwa kwa vyuma vya reli kuukuu. Pazia za chuma za kuzuia cheche zikasukwa kwa minyororo ya matairi. Mablanketi makuukuu ya kambi za vijana wa CCC, mpango mwingine wa serikali uliowapa vijana kazi za misitu na hifadhi, yalikatwa vipande, wanawake wakayashona kuwa mazulia ya vyumbani. Aliyesimamia mapambo yote hayo alikuwa Margery Hoffman Smith, na wahunzi waliongozwa na O. B. Dawson, mtu aliyeijua nyundo. Siri, kwa macho yangu ya useremala, iko hapo. Asiyejua kazi aliwekwa chini ya mjuzi, na mjuzi hakukubali kazi ya kulipua. Aliyepanda kule akiwa kibarua wa kubeba mawe aliweza kushuka akijua kuyapanga.

Na si hoteli tu. Barabara ya pwani ya Oregon ilikuwa ikikatwa na ghuba na midomo ya mito, gari linangoja pantoni. Mtu wa Likoni hahitaji kuelezwa adha hiyo. Kwa fedha za shirika jingine la wakati huohuo, PWA, madaraja makubwa matano aliyoyabuni mhandisi Conde McCullough yalikamilika 1936. Manne yanapitisha magari mpaka leo. La tano, la Waldport, liliharibiwa na chumvi ya bahari, likabadilishwa 1991. Vijana wa CCC nao, waliolipwa dola 30 kwa mwezi na 25 kati ya hizo kupelekwa nyumbani kwa wazazi, walitengeneza njia na majengo ya mawe katika hifadhi ya Silver Falls. Nimetembea nyuma ya maporomoko yale na wanangu, na hatukulowa ila kwa manyunyu.

Sisemi kila kitu kilikuwa chema. Katiba ya Oregon ilikataza watu weusi kuhamia jimboni, na ibara ile ilifutwa 1926 tu, miaka 10 kabla jiwe la kwanza la Timberline halijawekwa. Katika CCC vijana weusi walitengwa kwenye kambi zao. Bwawa la Bonneville kwenye mto Columbia, ambalo Roosevelt alilizindua siku ileile ya Timberline, lilifunika kwa maji sehemu ambazo wenyeji wa asili walivulia samaki tangu enzi za mababu. Hilo linaniuma kila nikipita pale, na anayesifu kazi hizi bila kulitaja hatendi haki.

Ila kosa hilo si lile analolisema msomaji wenu. Yeye anasema kazi ya mwenye njaa haidumu. Kilichokaribia kuiua Timberline hakikuwa mikono ya wajenzi wake, bali ni matunzo mabaya ya waliokuja baadaye. Kufikia 1955 ilikuwa imechakaa, umeme haukulipiwa, ikafungwa. Mwaka huohuo Richard Kohnstamm akapewa kuiendesha, akaifufua. Tangu 1975 kuna chama cha marafiki wa jengo hilo kinachosaidia kufuma upya mapazia na mazulia kwa mkono, kwa michoro ileile ya awali.

Kwa hiyo, Mhariri, wanapopanga kazi za muda kwa vijana wetu, iwe Kenya, Tanzania au kwingineko, naomba waanze kwa kuwatafuta mafundi: mwashi, mhunzi, seremala mzee ambaye karakana yake imekosa wateja. Wawape vijana watano watano. Wawape mawe na mbao, si ufagio peke yake. Na kwenye bajeti iwekwe mapema fedha ya kupaka rangi na kuziba paa mwaka wa 10 na wa 20. Msomaji wa Nakuru akifika Portland siku moja, nitampeleka mlimani mwenyewe, tuanzie pale kwenye ngazi.

Wako,
Fundi seremala,
Portland, Oregon