Risala ya Kikundi cha Uhifadhi wa Ardhioevu, Bonde la Kilombero, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu na wanakikundi wenzangu, salaam.

Tunakushukuru kwa kufika. Barabara umeionja mwenyewe, hatutaisemea. Leo tuna jambo moja.

Kikundi kilianza na watu wachache na majembe ya kuazima. Leo tuna akaunti benki, sare hizi mnazoziona, na mafanikio ya kihistoria: tumefukia mitaro iliyokuwa ikikausha kinamasi, na matete yamerudi. Bonde hili limo katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2002, kwa hiyo dunia nzima inatutazama. Sheshe, wale swala wa mabondeni, wamerejea, alfajiri nyayo zao ziko topeni kando ya majaruba. Mnana wa Kilombero, ndege asiyepatikana kwingine popote, anasuka viota humohumo. Tembo wa misitu ya Udzungwa nao wanashuka, wakati mwingine juu ya mpunga wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tatizo ni mpaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukingo upi? Masika maji hutanda hadi mashambani. Kiangazi mto hurudi ndani, na mwenye trekta anaufuata nyuma. Tukimzuia anauliza, "Kigingi kiko wapi?" Hatuna cha kumwonyesha. Mtaro tulioufukia mchana unazibuliwa usiku, na sheshe wanahama tena.

Tunaomba mpima ardhi na vigingi vya zege. Kuchimba mashimo, kubeba vigingi na kumlisha mpima ni juu yetu. Mgeni rasmi aliyekutangulia alisimama hapohapo akasema vigingi vitafika kabla ya masika. Tulipiga makofi, tukampa jogoo. Hakutaja masika ya mwaka gani, nasi kwa heshima hatukuuliza. Aliyemtangulia yeye aliahidi kulifuatilia. Tunaamini bado analifuatilia.

Maji ya bonde hili ndiyo yanayokwenda Rufiji, kwenye bwawa la umeme la Julius Nyerere. Hivyo hatuombi kwa ajili ya sheshe peke yao.

Barua iko mezani kwako, mhuri wa kijiji umeshagongwa. Imebaki nafasi ya saini na ya tarehe. Kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba ya tarehe isiachwe wazi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi