Ugatuzi ulileta pesa mashinani, nani anazichunga?

Mhariri, mimi si adui wa ugatuzi, yaani kupeleka madaraka na pesa kwa kaunti, tusielewane vibaya. Tangu 2013 kaunti zetu 47 za Kenya zimepata pesa, katiba inasema zisipungue asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali kuu, na kuna barabara na zahanati ambazo Nairobi isingekumbuka kutujengea. Lakini jamani, tulihamisha pesa tukasahau kwamba na ulaji wa pesa za umma utapanda matatu uje nazo. Mimi nilisapulai viti kwa ofisi moja ya kaunti, sitaitaja, gavana akabadilika baada ya uchaguzi, mpya akasema madeni ya zamani lazima yakaguliwe kwanza, mpaka leo nazungushwa tu njoo kesho na benki inanipigia simu. Halafu wawakilishi wadi wanaofaa kumbana gavana ndio haohao wanaomwomba mradi wa wadi yao, sasa watamuuliza nini? Na hazina kuu nayo ikichelewesha mgao, manesi wanakaa bila mshahara wanagoma, gavana analaumu Nairobi, Nairobi inalaumu gavana, mgonjwa yuko pale kwa benchi. Mkaguzi Mkuu anaandika ripoti kila mwaka, Seneti inawaita magavana wanafokewa kwa tivii, wanarudi nyumbani.

Msomaji, Kakamega